Iwashe Linux palepale dukani: namna ya kuchagua kishikwambi chenye kibodi

Nafundisha hisabati sekondari, Morogoro. Baada ya Sensa ya 2022 vishikwambi vya makarani tuligawiwa walimu, na mimi nikapata changu. Kinatumia Android na kwa kusoma kinanitosha. Lakini mitihani naiandika kwa LaTeX, programu ya kupanga maandishi yenye hesabu, na maelezo ya darasani nayachora kwa kalamu, kazi nilizozizoea kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows. Nikaanza kusaka kompyuta ndogo ambayo kibodi yake inachomoka.

Ya kwanza ilinitia hasara. Ilikuwa ya bei chee: prosesa ya Atom, RAM GB 2, hifadhi GB 32. Prosesa ni ya biti 64 lakini UEFI yake, programu inayoiamsha mashine, ni ya biti 32, kwa hiyo flashi yangu ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, haikuonekana kabisa kwenye menyu ya kuwashia. Baada ya wiki nzima ya kuhangaika, Debian, aina nyingine ya Linux, ikakubali. Sauti hakuna, Wi-Fi inakatika kila baada ya dakika chache. Ukikutana na Atom ya namna hiyo, hata ukipunguziwa vipi, ipite. Zenye prosesa ya Snapdragon, ya jamii ya zile za simu, nazo ziache. Kupata Linux inayozikubali kikamilifu ni shida.

Tafuta zile zilizotumika maofisini ng'ambo zikaja kama mtumba: HP Elite x2 1012, Dell Latitude 5285 au 5290 2-in-1, ThinkPad X1 Tablet. RAM zake zote zimechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo usichukue ya GB 4 kwa matumaini ya kuongeza baadaye. Mimi nilichagua Elite x2 1012 G1, toleo la 2016, GB 8, kwa sababu moja kubwa: inafunguka. iFixit, tovuti inayofungua vifaa na kupima vinavyotengenezeka, waliipa alama 10 kati ya 10 kwa urahisi wa kutengeneza, wakati Surface Pro ya Microsoft ya 2017 ilipata 1. Betri ya mtumba ipo siku itachoka, na siku hiyo utataka fundi aifikie bila kuvunja kioo. Isitoshe, Surface Pro 4 hadi 7 zinahitaji kerneli (kiini cha Linux) ya mradi wa linux-surface ndipo skrini isikie kidole. Kama uko tayari kuihudumia kerneli hiyo, chukua.

Sasa twende dukani. Nilikwenda Kariakoo na flashi ya Fedora Workstation, Linux niliyoichagua, mfukoni. Muuzaji akaniuliza, "Mwalimu, ina Windows yake safi, unaitoa ya nini?" Nikamweleza kwamba siitoi, flashi inajiendesha yenyewe bila kugusa diski. Pia kwamba Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine za Intel kizazi cha 6 hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Akanipa stuli.

Anza na BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka; mara tu ukiiwasha bonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Ikikudai nywila, irudishe mezani, maana ofisi iliyoiuza haikuifungua na wewe hutaifungua kirahisi. Kisha washa kutoka kwenye flashi: F9 kwa HP, F12 kwa hizo mbili.

Ikishawaka, chomoa kibodi. Izungushe, skrini inapaswa kuzunguka nayo. Gusa sehemu ya kuandikia, kibodi ya kwenye skrini inapaswa kujitokeza. Unganisha hotspot ya simu, kisha weka Xournal++, programu ya kuandika kwa kalamu, palepale. Hapo umeijaribu na Wi-Fi. Mimi niliandika sin²θ + cos²θ = 1 kiganja kikiwa kimelala juu ya kioo, kama ninavyoandika daftarini. Mstari ukawa mnene nilipokandamiza, mwembamba nilipolegeza, na kiganja hakikuacha doa. Angalia pia kama kalamu imo kwenye bei. Nyingi hutumia betri ya AAAA, nyembamba kuliko za rimoti, na madukani si rahisi kuipata.

Ilaze kwa kitufe dakika tano, iamshe, uone kama Wi-Fi inarudi. Kwa betri, fungua dirisha la amri (terminal), andika `upower -d` ulinganishe energy-full (inachobeba sasa) na energy-full-design (ilichobeba ikiwa mpya): moja niliyoishika ilibakiwa na nusu, nikaiacha, nikachukua ya tatu. Kamera ijaribu mwenyewe, maana nyingi za vifaa hivi hazipiti USB bali kichakataji picha cha Intel, na hapo Linux hukwama. Mimi sifundishi kwa video, sikujali.

Jambo moja nililigundua nyumbani. Ukisimba diski, yaani ukiifunga kwa nywila ili mwizi asisome kilichomo, wakati wa kusakinisha Fedora, nywila inaulizwa kabla mfumo haujaamka, na hapo kibodi ya kwenye skrini haipo. Usiache kusimba, kwani kifaa kama hiki kinaibika upesi na changu kina mitihani ya watoto. Ila kibodi naibeba kila niendako: betri ikiisha katikati ya kipindi, bila hiyo siiwashi tena.