Kabla hamjavuka Songwe: mambo ya kuzingatia kwa mnaoenda injili Malawi

Vijana wa kwaya hapa Uyole, Mbeya, wameniuliza waandae nini maana mwezi wa nane wanaenda injili Karonga siku kumi, nikaona bora niandike kabisa kwa sababu nshaenda mara tatu na mara zote tatu kuna kitu kilituponyoka. Sababu ni ileile kila mara, ni karibu. Mtu akiambiwa anaenda Korea ataanza kuhangaika mwaka mzima kabla, ila Malawi tunaichukulia kama unashuka Kyela kununua mchele, asubuhi mnapanda Coaster mnaimba mapambio Tukuyu mnaipita mchana mko Kasumulu. Ukishavuka lile daraja la mto Songwe wewe ni mgeni kwenye nchi ya watu, na pale mpakani sare ya kwaya haisomeki.

Anzeni na pasipoti, tena miezi mitatu kabla. Saivi maombi yanajazwa mtandaoni, unalipia, unaprinti fomu unaipeleka ofisi ya uhamiaji na viambatanisho vyako, gharama yote ni 150,000. Hela siyo tatizo sana kama cheti cha kuzaliwa, maana nusu ya watu wetu majina ya kwenye cheti, kitambulisho cha NIDA na ubatizo hayafanani, mmoja anaitwa Tumaini kanisani ila kwenye cheti ni jina la bibi yake, na hapo ndo wiki tatu zinapoishia, kwenye viapo vya majina. Wenye pasipoti tayari msikae mkao wa kula, fungueni muangalie tarehe, iwe imebakiza angalau miezi sita. Viza Mtanzania haihitaji kwa matembezi mafupi Malawi ila bebeni barua mbili zenye mihuri, moja ya kanisa lenu inayotaja majina yote ya msafara, nyingine ya mwaliko kutoka kwa wenyeji, ikiwa na namba ya simu ya mtu atakayepokea akipigiwa. Mtoto chini ya miaka 18 asipande gari bila barua ya wazazi wake wote wawili, hata kama anasafiri na shangazi yake.

Kadi ya njano nayo. Chanjo ya homa ya manjano ukishachoma mara moja imetosha maisha yako yote, ilibadilishwa hivyo tangu 2016, kwa hiyo mwenye kadi ya zamani asikubali kudanganywa kwamba imekwisha muda. Ila kadi inaanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano, ukichoma jumatano mkaondoka ijumaa unayo karatasi tu.

Sasa vyombo. Hapa naomba nikae kidogo maana hapa ndo tuliumia. Tuliondoka na kinanda, mixer, spika mbili kubwa na magitaa, tukavuka kwenda bila mtu kutuuliza kitu tukaona kweli Bwana ametangulia. Siku ya kurudi afisa wa forodha upande wetu sisi wenyewe akafungua buti akauliza hivi vitu mmenunua wapi, tukasema ni vya kanisa tumeondoka navyo, akasema sawa nionyesheni karatasi. Karatasi hatuna. Tulikaa pale toka saa tano mpaka giza linaingia, mzee wa kanisa anapiga simu Mbeya watafute risiti ya kinanda kilichonunuliwa enzi za mchungaji aliyepita, akina mama wamekaa kwenye mabegi wanamenya miwa. Na yule afisa wala hakuwa na kosa. Kwa hiyo andikeni orodha ya kila chombo na namba yake ile ya nyuma, ipigeni muhuri, na mkifika mpakani siku ya kwenda nendeni wenyewe dirishani mkatangaze kwamba hivi vinatoka na vitarudi, pande zote mbili. Gari pia hivyohivyo, liwe na kadi yake, kibali cha kuingia kwa muda na ile bima ya njano ya COMESA inayotambulika nchi za jirani, ya kwetu ya kawaida inaishia kwenye daraja. Mafuta jazeni Kyela tanki lote, Malawi miaka hii imekuwa ikiishiwa mafuta mara kwa mara na mnaweza kukuta foleni ya siku nzima.

Mitumba ya kugawa na dawa za kugawa, mimi ushauri wangu ni muache. Nguo zina ushuru wake na dawa zina vibali vyake, na dada yetu muuguzi hawezi tu kufungua meza akaanza kugawa antibayotiki kwenye nchi ambayo hana leseni. Ulizeni wenyeji wanataka nini. Sisi mwaka wa kwanza tulienda kama tunaenda kwa wasioijua injili, kumbe jamani hawa wenzetu wameokoka kabla ya babu zetu, misheni ya Livingstonia ipo toka 1875 na hata wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walipandia ziwa Nyasa hilihili. Walichokuwa wanakihitaji ni mafundi wawili wa kusaidia kuezeka na mtu wa kufundisha sauti ya nne. Tungeuliza tungebeba misumari badala ya yale mabango.

Na chakula chao msiwamalizie. Watu 28 siku kumi ni magunia ya unga, pelekeni hela ya jiko kwa mama mchungaji mwanzoni kabisa, msisubiri siku ya kuaga mkatoa bahasha. Hela za kule ni kwacha. Wale vijana wa mpakani wenye mabunda mkononi wana vidole vyepesi kuliko mpiga gitaa wetu, anakuhesabia mbele yako ukifika kwenye gari zimepungua, badilisheni sehemu rasmi na mtunza hazina awe na mtu wa pili pembeni. Wekeni na fungu la dharura lisiloguswa, maana kadi ya bima ya afya ya huku kule haikufai, ukilazwa unalipa.

Saa. Malawi wako nyuma yetu saa moja, halafu wao saa hawahesabu kiswahili. Mwenyeji alituandikia ibada inaanza 9, katibu wetu akaweka kwenye grupu la whatsapp "saa 9 kamili", watu wakafua, wakapiga pasi taratibu, tumefika kanisani wanafagia. 9 yao ile ilikuwa saa nne asubuhi ya kwetu. Tangu hapo nasema katibu atafsiri saa kwanza ndo atume.

Lugha msiogope. Wangonde wa Karonga kilugha chao na kinyakyusa ni kitu kimoja, mama mmoja wa Tukuyu kwenye msafara wetu hakutafuta mkalimani hata siku moja, alisema ndaga, yaani asante, jikoni akapewa mwiko. Ila mkipanda kuelekea Mzuzu ni kitumbuka, jifunzeni hata yewo ya kushukuru, na mhubiri apange mapema nani anamtafsiria.

Mabegi yenu yatajaa masweta, nawajua. Karonga iko kando ya ziwa chini kabisa, mita kama mia tano hivi wakati sisi Mbeya tuko kwenye 1,700, ni joto na mbu. Watoto wa baridi hatuna kinga ya malaria, kwa hiyo mwone daktari wiki mbili kabla awaambie dawa ipi ya kujikinga, na kila mtu na chandarua chake. Ziwani msiogelee hata kama wenyeji wanaogelea, kuna kichocho. Maji chemsheni au tieni dawa, kipindupindu cha 2022 na 2023 kiliua kule zaidi ya watu 1,700. Akina mama bebeni vitenge, tochi kila mtu kwa ajili ya umeme kukatika, basi.

Mkisharudi salama na ushuhuda mmetoa, kijana akianza kutetemeka wiki ya pili msiseme ni baridi ya Uyole. Wa kwetu alikunywa panado siku nne. Zahanati anayefika aseme mwenyewe kabla hajaulizwa kwamba katoka Karonga, apimwe malaria siku hiyohiyo.