Somo: Bustani ya maonyesho inayojengwa na wanafunzi, kuanzia mchoro hadi siku ya majaji

Kila mwaka, masika yanapokaribia, walimu wa klabu za mazingira wa Arusha na Moshi huniuliza swali lilelile: wanafunzi wanataka kujenga bustani ya maonyesho, waanzie wapi? Nimeamua kuandika somo zima mara moja, na ninaomba lisomwe hadi mwisho kabla ya kuuliza. Mfano wangu ni kipande cha mita 3 kwa 4 kwa ajili ya Nane Nane katika viwanja vya Themi, ingawa utaratibu haubadiliki hata kwa maonyesho ya maua ya shuleni.

Hatua ya 1. Pimeni eneo wenyewe kwa futikamba; msitegemee vipimo vya kuambiwa.

Hatua ya 2. Kila kundi lichore kwa kipimo cha 1:20, ili kipande hicho kiwe sentimita 15 kwa 20 na kitoshe kwenye ukurasa wa daftari. Waulizeni kwanza mtazamaji atasimama wapi, kwa kuwa bustani inayoonekana kutoka pande tatu haiwezi kuwekewa mimea mirefu pembeni ikaficha mingine. Kisha lichaguliwe wazo moja tu. Wanafunzi wangu wa Moshi walianza na daraja, bwawa, kibanda na njia mbili, wakaishia kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga: migomba miwili, kahawa, maua chini yake, masale (mmea wa majani marefu ya kijani) mpakani na mfongo, yaani mfereji, mwembamba unaopitisha maji. Mgeni aliitambua bustani ile kabla hajasoma kibao.

Hatua ya 3. Hesabuni miche. Kwa nafasi ya sentimita 25, mita moja ya mraba inachukua miche 16, hivyo mita 5 za mraba za maua zinahitaji 80. Ongezeni theluthi moja kwa ajili ya itakayokufa au kuchelewa.

Hatua ya 4. Hesabuni siku kwa kurudi nyuma. Zinia na marigoldi huchukua takriban wiki 8 kutoka mbegu hadi ua, lakini kwa baridi yetu ya Juni na Julai mimi huongeza wiki 2. Anayetaka maua tarehe 1 Agosti aoteshe kati ya tarehe 15 na 22 Mei. Zinia haipendi kusumbuliwa mizizi, kwa hiyo pandeni mbegu moja kwa moja kwenye viriba, yaani vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche.

Hatua ya 5. Udongo wa viriba: madebe 3 ya udongo wa juu, madebe 2 ya samadi iliyooza vizuri, debe 1 la mchanga.

Hatua ya 6. Komazeni miche, yaani izoesheni jua kidogo kidogo. Hapa ndipo nilipoharibu, na ndiyo sababu hasa ya somo hili. Mwaka wangu wa kwanza tulilea miche yote chini ya wavu wa kivuli, ikawa laini, mirefu na ya kijani kibichi cha kuvutia, tukaihamishia uwanjani jioni ya kuamkia ufunguzi. Kufikia saa nane mchana wa siku ya pili majani yalikuwa na mabaka meupe kama karatasi iliyokaribia moto. Wanafunzi walidhani miche ina kiu. Binti mmoja wa kidato cha tatu alikwenda bombani na kurudi mara nyingi akiimwagilia kwa viganja, na maji yale yakajaza viriba hadi mizizi ikaanza kuoza. Jani lililoungua halirudi. Siku 14 kabla ya kuhamisha, itoeni miche juani asubuhi kwa muda wa saa moja, kisha ongezeni muda kidogo kidogo kila siku hadi ishinde juani kutwa nzima. Msianze siku ya jua kali la mchana, wala msikazanie kumwagilia mche ulionyauka kabla ya kuchomeka kidole kwenye udongo. Ukiwa na unyevu, mche unahitaji kivuli na si maji.

Hatua ya 7. Jengeni. Udongo uliolowa ni mzito, mita moja ya ujazo huzidi tani moja na nusu, kwa hiyo inueni tuta moja tu na si eneo zima. Fukieni viriba hadi ukingoni bila kuvivua, kisha funikeni kwa matandazo. Mche ukifa unabadilishwa kwa dakika moja.

Hatua ya 8. Siku ya majaji ondoeni maua yaliyonyauka, fagieni njia, na mwanafunzi anayejua kila mmea asimame mbele.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Arusha: Mwalimu, nitajie tu tarehe ya kuotesha.

Jibu: Hatua ya 4.

Mwanachama, Usa River: Maonyesho yetu ni Jumamosi hii na miche bado iko chini ya wavu. Tufanyeje?

Jibu: Wekeni wavu huohuo juu ya bustani yenu uwanjani. Siku nne hazitoshi kukomaza mche.

Mwanachama, Same: Nimefuata mchanganyiko wako na miche imeoza. Una kasoro.

Jibu: Mchanganyiko huo nimeutumia kwa miaka mingi. Je, viriba vyako vina matundu chini?

Mwanachama, Same: Havina.

Jibu: Basi vitoboe leo.

Mwanafunzi, Moshi: Shikamoo Mwalimu. Mimi si Mchaga. Kwa nini masale, na si ua lenye rangi? Na pale chini ya migomba penye kivuli mlipanda nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Masale ndiyo yanayoonyesha mpaka wa kihamba, na aliyemkosea mwenzake humpelekea isale kuomba msamaha, kwa hiyo bila masale tungekuwa na migomba tu. Kuyaotesha ni rahisi: kata kipande cha shina cha sentimita 20 hadi 30 ukichomeke kivulini penye unyevu. Chini ya migomba tuliweka Saintpaulia, ua dogo la zambarau linaloota porini katika milima ya Usambara, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa kikoloni wa Kijerumani, alilichukua huko mwaka 1892 na sasa limeenea madirishani duniani kote. Nunueni kitaluni, msichimbe mmea wowote wa msituni.

Mwanachama, Arusha: Na waridi la kukata kwa ajili ya meza?

Jibu: Likate alfajiri, uondoe majani yatakayozama, ubadilishe maji kila siku.

Mwanafunzi, Moshi: Ahsante Mwalimu. Je, Saintpaulia moja inaweza kutupatia nyingine?

Jibu: Ndiyo, kwa jani. Likate na kikonyo cha sentimita 3, ukichomeke kwa kuinamisha kwenye mchanga wenye unyevu, mbali na jua. Vichipukizi hutokea chini ya kikonyo baada ya miezi miwili hivi, kwa hiyo anzeni mapema kuliko zinia.