Jinsi ya kuandika stori ya kesi, mnyonge dhidi ya jitu kubwa, bila watu kusinzia

Hizi stori kila mtu anazipenda, mtu hana mbele wala nyuma anaburuzana mahakamani na kampuni kubwa mpaka kieleweke, ila ukikaa mwenyewe kuandika ndo unajua hujui. Skripti yangu ya kwanza wakili alikuwa na hotuba ya kurasa nne, nikajiona fundi kweli, rafiki yangu niliyempa asome akasinzia ukurasa wa pili. Nilidhani vita iko kwenye maneno. Haiko huko. Jitu kubwa halikushindi kwa kuongea, linakushinda kwa muda, pesa na makaratasi, sasa kazi yako ni kufanya hivyo vitatu vionekane.

Kwanza tafuta kitu kidogo kinachoshikika. "Dhuluma" haipigwi picha. Angalia ile kashfa ya Posta ya Uingereza, wasimamizi wa posta ndogo ndogo waliambiwa hela zimepungua kwa sababu tu kompyuta ndo imesema, mfumo unaitwa Horizon, wa Fujitsu, na zaidi ya watu 900 wakatiwa hatiani. Tamthilia ya ITV ya Januari 2024, Mr Bates vs The Post Office, haikutukalisha chini kutufundisha programu mbovu ni nini. Ilituonyesha mama ana simu sikioni, anafuata maelekezo ya huduma kwa wateja hatua kwa hatua, na upungufu kwenye skrini badala ya kushuka unakuwa mara mbili yake mbele ya macho yake. Basi, umeshaelewa kila kitu. Na wengi waliopiga simu waliambiwa mwenye tatizo hili ni wewe tu, ambayo kwa mwandishi ni zawadi, maana siku wanakutana chumba kimoja na kugundua wako kibao hiyo sini haihitaji hata muziki. Halafu Posta yenyewe ndo ilichunguza, yenyewe ndo ikawashtaki wengi wao, kesi ya nyani umempelekea ngedere.

Makaratasi sasa, hapa usiwe na haraka. Robert Bilott, wakili wa Marekani, aliishtaki DuPont, kampuni kubwa ya kemikali, kwa niaba ya mfugaji wa jimbo la West Virginia ambaye ng'ombe wake walikuwa wanakufa, alipodai nyaraka akaletewa kurasa zaidi ya 110,000. Elewa mchezo: kukumwagia makaratasi ni njia ya kukuficha ukweli bila kukataa kuutoa. Jamaa akakaa sakafuni ofisini kwake miezi kadhaa anayapanga kwa tarehe. Ukiandika, tuonyeshe sakafu, maboksi, mgongo unauma, simu inaita hapokei, halafu karatasi MOJA. Moja tu, ukimpa mtazamaji ushahidi aina tano hatakumbuka hata mmoja.

Muda usiuandike "miaka mitatu baadaye" kama tangazo. Kesi imepigwa kalenda, mtu anatoka na faili lake kwapani, tarehe nyingine tena, suti ni ileile ila sasa inampwaya, mtoto aliyekuwa anabebwa mgongoni anakuja anatembea. Kwa Bilott kuanzia mfugaji alipompigia mwaka 1998 mpaka DuPont na Chemours, kampuni iliyomeguka kutoka kwake, kukubali kulipa dola milioni 671 mwaka 2017 ni karibu miaka 20, na kufikia hapo hakuwa mfugaji peke yake tena, kesi zilizolipwa, za watu waliosema maji yao yalichafuliwa, zilikuwa zaidi ya 3,500.

Adui. Tumezoea stelingi mzuri na adui anacheka ovyo, achana nayo hiyo. Wakili wa kampuni mfanye mpole, anasikiliza, anampa mlalamikaji maji ya kunywa, na hoja yake iwe nzito kiasi kwamba hata wewe mwandishi ukae kidogo ujiulize utaijibuje. Mfano nilioubuni, mjane anadai bima ya mumewe, kampuni inasema marehemu alificha ugonjwa kwenye fomu:

"Pole sana mama. Hii sahihi ni ya mumeo?"
"Ndiyo, ni yake."
"Na hapa panaposema hajawahi kuugua, pana alama ya vema. Unaiona?"
"Naiona."
"Asante mama, sina swali lingine."

Umeona, dakika moja mama kamalizwa na hakuna aliyepandisha sauti. Sasa wakili wake, kijana, ameishika fomu anaigeuzageuza dirishani, sahihi ni wino wa bluu, vema zote ni wino mweusi. Zamu yake inafika ya kumhoji wakala aliyeuza bima, shahidi wa kampuni, anasimama, anamuomba kalamu yake. Usimfanye aulize "kwanini ulijaza wewe?", wakili mzuri hamuulizi shahidi wa upande wa pili swali ambalo jibu lake halijui, na "kwanini" inampa mtu uwanja wa kujitetea. Maswali ya dodoso, yaani ya kumbana shahidi wa upande wa pili, yawe mafupi, ya ndiyo au hapana, mtu ajifunge mwenyewe.

Pesa wengi wanaisahau kabisa. Wale wa Posta walikuwa 555 kwenye kesi waliyoungana kuishtaki Posta, mwaka 2019 wakakubaliana pauni milioni 57.75, sehemu kubwa ikaishia kwenye gharama za mawakili na waliowafadhili. Kushinda huku unatoka mikono mitupu, hiyo ni sini chungu kuliko kushindwa.

Na usilazimishe jaji agonge meza mwisho. Kesi ya maji yenye sumu ya Hinkley, Marekani, ile ya filamu ya Erin Brockovich, dola milioni 333 mwaka 1996, ilimalizwa kwa usuluhishi na bado watu wakajaa kuiangalia filamu yake. Ofa ya kumaliza nje ya mahakama ni nzuri sana kwa mwandishi hasa ikija na sharti la kunyamaza, maana hapo stelingi anachagua kati ya ada ya watoto na kusema ukweli, na wewe usimsaidie.

Yule mjane wangu bado sijamaliza skripti yake, ila sini ya mwisho ninayo. Barua ya malipo imefika, anaifungua taratibu, anasoma, jina la mumewe wamelikosea herufi. Anachukua kalamu analirekebisha.