Kuhamia UCLA au Berkeley ukitokea chuo cha jamii: hatua kwa hatua

Mimi ni mshauri wa masomo katika chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili) kusini mwa California. Kati ya wanafunzi ninaokaa nao mezani wapo vijana waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, Wakenya waliokuja kwa viza ya masomo, na kina mama waliorudi shule watoto wakishakua. Wote huniuliza jambo moja: "Mwalimu, mimi naweza kweli kuingia UCLA?"

Unaweza. UCLA na Berkeley ni kampasi za Chuo Kikuu cha California (UC). Miaka ya karibuni UCLA imekuwa ikikubali karibu mwombaji 1 kati ya 4 wa uhamisho, ilhali kwa wanaotoka sekondari hafiki hata 1 kati ya 10. Tena wengi mno wa hao wanaohamia wametoka vyuo vya jamii vya hapa hapa California. Wanaokwama, niwaonavyo mimi, huwa na akili za kutosha. Wamechelewa tu: wanaanza kuulizia uhamisho mwezi wa maombi, na masomo yaliyotakiwa yangepaswa kuanza mwaka mmoja na nusu nyuma.

Hatua ya 1: Jua fani yako mapema

Sheria ya jumla ya UC ni uniti (vipimo vya uzito wa somo) 60 za semista zinazohamishika, masomo 2 ya uandishi wa Kiingereza, 1 la hisabati, na mengine 4 kutoka maeneo mbalimbali, yote kwa alama C au zaidi. Wastani wa chini wa alama (GPA, ambao kilele chake ni 4.0) ni 2.4 kwa mkazi wa California na 2.8 kwa asiye mkazi. Usidanganyike na namba hizo. Ni kizingiti cha kuruhusiwa kuomba tu. Wanaokubaliwa UCLA na Berkeley wengi wao wako juu ya 3.5.

Kinachoamua ni masomo ya maandalizi ya fani. Mwanafunzi mwenye 3.9 ambaye hajamaliza kemia anayotakiwa kuwa nayo kwa biolojia anaweza kuachwa, akachukuliwa mwenye 3.6 aliyemaliza. Ndiyo maana nasema fani kwanza. Ukiwa njia panda kati ya mbili, anza na ile yenye masomo mengi ya maandalizi. Kutoka uhandisi kwenda sosholojia utapita. Kurudi ni kazi kubwa.

Hatua ya 2: Soma ASSIST kwa kidole

ASSIST ni tovuti ya umma inayoonyesha somo gani la chuo chako linahesabika kuwa somo gani la UC. Ingiza chuo chako, kampasi unayoitaka, kisha fani. Upande mmoja utaona somo la UC, upande wa pili somo la chuoni kwako. Ichapishe. Usiisomee kwenye simu.

Nina sababu ya kusisitiza. Kijana mmoja alikuja Oktoba akiwa na furaha, amemaliza kila kitu. Tukaweka karatasi mezani, nikapitisha kidole mstari kwa mstari. Tulipofika fizikia, somo moja la UC lilikuwa limelinganishwa na masomo mawili ya chuo chetu, na katikati yao neno dogo lenye maana ya "pamoja na". Yeye alikuwa amelisoma kama "au". Alifanya moja, likampa nusu ya anachotakiwa, na nusu haihesabiwi. Alisubiri mwaka mzima zaidi. Leo kila mwanafunzi wangu anazungushia maneno hayo madogo kwa kalamu nyekundu kabla hatujaendelea.

Jambo la pili: masomo yanayokwenda kwa mfululizo, kama kalkulasi au kemia, yamalize katika chuo kimoja. Ukianzia huku na kumalizia kule, vipande huenda visilingane.

Hatua ya 3: Jiwekee akiba

Kampasi 6 za UC (Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz) hutoa dhamana ya kukubaliwa iitwayo TAG kwa wanaotimiza masharti. UCLA, Berkeley na San Diego hazimo. Unaruhusiwa kuchagua moja tu, na dirisha ni Septemba 1 hadi 30. Ichukue hata kama moyo wako uko UCLA. Mwanafunzi mwenye dhamana mfukoni huandika insha kwa utulivu, nimeliona hilo mara nyingi.

Uliza pia kama chuo chako kina programu ya honors (masomo ya kiwango cha juu zaidi) iliyounganishwa na UCLA, inayojulikana kama TAP. Ukiimaliza, maombi yako ya fani nyingi za sayansi na sanaa hupewa kipaumbele.

Hatua ya 4: Jaza fomu bila kuficha kitu

Fomu hufunguliwa Agosti 1, hupokelewa kuanzia Oktoba 1, na siku ya mwisho ni Novemba 30. Miaka mingine husogezwa hadi mwanzo wa Desemba. Usiutegemee msogeo huo. Fomu ni moja kwa kampasi zote, ila ada hulipwa kwa kila kampasi. Wenye kipato kidogo wanaokidhi masharti husamehewa hadi kampasi 4.

Hutatuma transkripti (orodha rasmi ya masomo na alama zako) wakati huu. Unajaza mwenyewe kila somo na kila alama, ndiyo maana uaminifu unapimwa hapa. Somo uliloliacha, alama F (ya kufeli), muhula mmoja uliosoma Nairobi au Dar es Salaam miaka minane iliyopita: vyote viingie. Alama za nyumbani ziandike kama zilivyo kwenye cheti, usizigeuze kuwa za Kimarekani. Ukificha, watagundua transkripti zikifika, na nafasi hufutwa. F iliyoelezwa kwa sentensi mbili za kweli haijawahi kunitisha. F iliyofichwa hunikosesha usingizi.

Hatua ya 5: Insha

UC haiangalii SAT (mtihani wa kuombea vyuo Marekani), na kwa kawaida haitaki barua za walimu. Kwa hiyo insha ndiyo sauti yako pekee. Ni majibu 4, kila moja lisizidi maneno 350. Moja ni la lazima: umejiandaaje kwa fani yako. Matatu unayachagua kati ya 7.

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika: "Tangu utotoni nimependa kusaidia watu." Nikamwomba anieleze ni siku gani. Akanyamaza, halafu akasimulia jinsi alivyokuwa mkalimani wa mama yake kliniki akiwa na miaka 15. Daktari alitaja figo, yeye hakulijua neno hilo kwa Kiingereza, akamwambia mama "ini". Miaka mitano baadaye, kwenye maabara ya fiziolojia, alipasua figo ya kondoo kwa mikono yake, akaelewa dawa za mama zinafanya nini. Nikamwambia aandike hayo hayo, na ataje somo na alichojifunza. Tulifuta kila sentensi ambayo mtu mwingine angeweza kuiandika.

Ukitaka kujaribu pia Harvard au Yale, fomu yao ni Common App (fomu moja ya mtandaoni inayotumiwa na vyuo vingi), siku ya mwisho ni Machi 1, na huko barua za walimu wanazitaka. Nafasi ni chache mno. Princeton ilisimamisha uhamisho mwaka 1990, ikaurudisha 2018. Omba ukipenda, ila usizifanye mpango mkuu.

Hatua ya 6: Januari hadi Julai

Januari utaombwa kusasisha alama za muhula uliopita na masomo unayoendelea nayo. Wengi husahau, na barua pepe hiyo huishia kwenye taka. Fungua barua pepe yako kila siku.

Majibu hutoka kufikia mwisho wa Aprili. Ukikubaliwa, thibitisha kabla ya Juni 1, halafu usiache somo lolote ulilosema utalimaliza. Mwenye viza ya F-1 (ya masomo) aende mara moja kwa afisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwake ili rekodi yake ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) ihamishwe na apate I-20 mpya, yaani hati ya chuo inayothibitisha hadhi yake ya uanafunzi. Transkripti za mwisho, za kila chuo ulichopita, ziagize zifike kabla ya Julai 1, na risiti uitunze.