Mtoto akichanganya lugha: tunavyofanya kwetu Köln

"Mama, nimeivergessa Brotdose yangu darasani."

Binti yangu alisema hivyo Jumanne moja akiingia ndani, begi bado mgongoni. Zamani ningemkata kauli palepale: "Sema Kiswahili!" Siku hizi nasikiliza kwanza, maana sentensi ile imebeba mengi.

Itazame. Kitenzi ni cha Kijerumani, vergessen, yaani kusahau. Lakini amekivika ni-, -me- na -i-, kila kimoja mahali pake, akakimalizia kwa a kama vitenzi vyetu. Mkebe wa chakula ameutaja kwa Kijerumani, kisha akaupatanisha kama anavyosema meza yangu au nguo yangu. Hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha ngeli. Mtoto aliyevurugikiwa hawezi kufanya hivyo. Huyu ana sarufi mbili kichwani na anajua ipi imbebe mwenzake. Mwanaisimu Shana Poplack, aliyewachunguza Wapuerto Rico wa New York, alionyesha mwaka 1980 kwamba watu hubadili lugha katikati ya sentensi pale sarufi za lugha zote mbili zinapokubaliana, na kwamba wanaozijua zote mbili vizuri ndio wanaobadili hivyo zaidi.

Mimi ni mtu wa Tanga, muuguzi katika nyumba ya wazee. Mume wangu ni wa Goma, mashariki mwa Kongo. Watoto wetu wawili, wa miaka 9 na 5, wamezaliwa hapahapa Ujerumani. Mkubwa alipokuwa na miaka mitatu, mwalimu mmoja wa chekechea alitushauri tuache Kiswahili nyumbani ili Kijerumani kiwahi. Tulimtii miezi sita. Kijerumani changu wakati ule kilikuwa kichanga, kwa hiyo mtoto alipata kwangu lugha yenye mapengo, na mama yangu kule Tanga akabaki anautazama uso wa mjukuu kwenye simu, hawana la kuambiana. Ukipewa ushauri huo, usiufuate. Zungumza na mwanao kwa lugha unayoweza kumbembeleza nayo, kumkanya nayo na kumsimulia nayo.

Anza na daftari. Kwa wiki moja usimsahihishe kabisa, andika tu: neno gani limebadilika, alikuwa anazungumza na nani, kuhusu nini. Mimi niliona mambo mawili. Akisimulia shule, Kijerumani kinaingia kwa wingi. Akisimulia chakula, ndugu au maumivu ya tumbo, hakiingii. Na akiwa na mtu asiyejua Kijerumani, anajitahidi mpaka anapata neno la Kiswahili au anaelezea kwa kuzunguka. Kwa hiyo tatizo kubwa kwetu lilikuwa msamiati wa shule. Hakuwa nao kwa sababu sisi hatukuwahi kumpa.

Tukampa. Gundi, kifutio, kichongeo, kuzidisha, kugawanya. Wiki waliyosoma mimea nilimpigia simu mdogo wangu anayefundisha sayansi huko Muheza, akanipa mzizi, shina, usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga. Hilo la mwisho binti yangu alilipenda mno, akazunguka nalo nyumba nzima. Ila hesabu zenyewe mwache apige kwa lugha aliyofundishiwa. Mjerumani akitaja 54 anaanza na nne ndipo hamsini, sisi tunaanza na hamsini. Ukimlazimisha kuhamahama katikati ya hesabu, ataandika 45 na utamwonea bure.

Sasa jambo la kila siku, nalo ndilo ninaloliamini kuliko yote: rudisha sentensi, kisha uliza. Siku ile ya mkebe nilimjibu, "Ala! Umeusahau mkebe wako wa chakula darasani? Ukala nini basi?" Sikusema amekosea. Amesikia kusahau, amesikia mkebe, na swali limemdai jibu. Akasema, "Rafiki yangu amenipa nusu ya mkate wake." Kiswahili kitupu. Ukirudisha bila kuuliza, mazungumzo yanaishia hapo na mtoto anaondoka zake.

Wapo wazazi wanaojifanya hawakuelewa mpaka mtoto aseme kwa Kiswahili. Mimi siipendi njia hiyo. Mwanangu ananisikia nikizungumza Kijerumani na jirani kwenye ngazi. Anajua naelewa, na ataniona namdanganya. Mkutanishe na mtu ambaye kweli haelewi. Kwetu mtu huyo ni bibi.

Tunampigia kila Jumapili. Mtoto lazima aanze na shikamoo, asubiri marahaba, ndipo maneno yaanze. Hapo nimeona Kiswahili chake kikinyooka ndani ya dakika tano bila mimi kutia neno. Lakini mpe kazi, asiachwe na "habari ya shule" tu. Amwulize bibi namna ya kupika maharage ya nazi. Amsomee barua aliyoiandika. Na yeyote aliye upande wa pili wa simu mwombe asimcheke. Dada yangu aliwahi kumcheka mwanangu mdogo kwa kusema "batoto", na mtoto akakaa wiki mbili hataki kuishika simu. Kumbe batoto si kosa, ni Kiswahili cha Goma, cha baba yake. Kwa baba anasema batoto, aksanti, mu nyumba. Kwangu anasema watoto, asante, nyumbani. Ana miaka mitano tu na hajawahi kutukosea. Tumewaambia wazi kwamba vyote viwili ni Kiswahili na vyote viwili ni vyao.

Saa zilitusumbua zaidi ya tulivyotarajia. Binti alimwahidi bibi, "Tutakupigia saa nane," kichwani ana acht Uhr ya jioni, saa nane ya Kijerumani, ambayo kwetu ni saa mbili usiku. Bibi akakaa na simu mkononi tangu saa nane mchana. Iliniuma. Sasa kwenye friji tumebandika saa ya karatasi, na kanuni yake ni rahisi: mshale mfupi ukionyesha namba ya Kijerumani, saa ya Kiswahili iko upande wake wa pili, mkabala kabisa. Nane inatazamana na mbili. Halafu uongeze tofauti ya nchi, saa moja majira ya joto, saa mbili majira ya baridi.

Kuhusu daktari, kwa ufupi. Mtoto mdogo ukihofia hasemi vya kutosha, hesabu maneno ya lugha zote pamoja, maji na Wasser yote yahesabiwe, na umpelekee daktari orodha nzima. Kuchelewa kusema kwa kweli huonekana katika lugha zote za mtoto. Likionekana hivyo, usingoje. Aangaliwe, na masikio yake pia yapimwe.

Jumapili iliyopita binti yangu alikuwa jikoni, simu imeegeshwa kwenye kopo la chumvi, bibi anamwelekeza. Akamgeukia mdogo wake: "Gib mir mal den Löffel." Akapewa kijiko, akarudi kwenye simu bila kuvuta pumzi: "Bibi, tui zito nilitie sasa hivi?"

"Bado, mwanangu. Tui zito la mwisho. Na moto upunguze."