Jinsi ya Kuingiza Teknolojia Mpya za Mtandao na Kompyuta Chuoni Bila Kuzika Fedha

Mara nyingi mpango wa TEHAMA wa chuo huanza na jina la kifaa. Mtu amerudi kutoka kwenye kongamano, amesikia habari za Wi-Fi 6 (toleo la sita la Wi-Fi) au za akili unde (AI), na wiki inayofuata maombi ya fedha yako mezani kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Mwongozo huu unaanzia kwingine, kwenye vyumba na mashimo ambayo kifaa hicho kitayategemea, kwa sababu katika vyuo vya Dar es Salaam huko ndiko fedha nyingi hupotelea.

Hatua ya kwanza ni kuzunguka chuo muhula ukiwa umepamba moto, kamwe si wakati wa likizo, ukiwa na simu ya bei nafuu kama zile wanazotumia wanafunzi wengi. Pima kasi saa nne asubuhi ukumbi wa mihadhara ukiwa umejaa, kisha pima tena saa mbili usiku mabwenini, na kila mara uandike mahali, saa na idadi ya watu waliokuwepo. Waulize pia walinzi wa zamu ya usiku wanafunzi hujikusanya wapi na kompyuta zao. Watakuonyesha ngazi fulani au ukuta wa nyuma wa maktaba ambako mawimbi huvuja, jambo ambalo huwezi kuliona kwenye ramani yoyote. Fungua kila kabati la swichi, yaani vifaa vinavyounganisha kebo za mtandao za jengo. Utakuta baadhi yake yamo stoo pamoja na mifagio na ndoo, hayana kiyoyozi, na kwa majengo yaliyo karibu na bahari vidole vya shaba ndani ya milango ya swichi, yaani matundu ya kuchomekea kebo, vimeanza kuota kutu ya kijani.

Usiache kufunua mashimo ya kebo. Katika chuo kimoja nilichowahi kukihudumia, jengo zima lilipoteza mtandao kila mvua za masika zilipozidi, nasi kwa wiki tatu tukawa tunaandikiana barua za lawama na mtoa huduma. Siku tulipoinua mfuniko wa zege tulikuta shimo limejaa maji hadi juu, boksi la maungio ya faiba (kebo inayobeba data kwa mwanga) limelala chini kwenye tope, na mpira wake wa kuzuia maji umepasuka. Tangu hapo nasisitiza kwamba boksi la maungio liangikwe juu ya ukuta wa shimo, kebo iachiwe mizunguko michache ya akiba, na mchoro wa njia zote utunzwe ofisini badala ya kubaki kichwani mwa fundi mmoja. Kati ya jengo na jengo tumia faiba inayopitisha mwale mmoja wa mwanga, kwani kebo ya shaba ya mtandao haipaswi kuzidi mita 100, na isitoshe hubeba athari za radi kutoka jengo moja hadi jingine.

Baada ya kebo, fanya hesabu ya umeme. Visambazaji vipya vya Wi-Fi hupata umeme kupitia kebo ileile ya data, na vingi havitoshelezwi na wati 15.4 za kiwango cha zamani, hivyo huhitaji mlango wa swichi unaoweza kutoa wati 30. Swichi yenye milango 24 ingehitaji wati 720 kama milango yote ingetumika kikamilifu, lakini zipo zinazouzwa zikiwa na uwezo wa wati 370 tu, yaani milango 12. Mnunuzi asiyesoma mstari huo atagundua kosa siku ya kufunga vifaa. UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika, nayo ipimwe kwa dakika ambazo jenereta huchukua kuwaka, pamoja na akiba ya kutosha, na betri zake ziingizwe kwenye bajeti ya matengenezo kwa sababu joto la Dar es Salaam huzichosha mapema.

Sasa Wi-Fi yenyewe. Faida kubwa ya Wi-Fi 6 chuoni iko katika uwezo wake wa kuhudumia vifaa vingi kwa zamu moja, kuliko katika kasi kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, nayo huonekana tu pale simu za wanafunzi zinapoiunga mkono. Kwa ukumbi wa watu 400, kadiria kwamba kila mmoja ana simu na nusu yao wana kompyuta mpakato, yaani vifaa 600, kisha ugawanye mzigo huo kwa visambazaji kadhaa vyenye nguvu ndogo badala ya kimoja kinachopiga kelele. Kwenye masafa ya redio ya gigahezi 2.4 tumia chaneli 1, 6 na 11 pekee ili visiingiliane. Kuhusu mtandao wa simu wa 5G, ambao Vodacom ilianza kuitoa nchini mwaka 2022, naiona kama njia ya akiba kwa jengo linalosubiri kuchimbiwa mtaro.

Njia ya akiba si anasa. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoyumba, na chuo ambacho mfumo wake wa masomo ulikuwa kwenye seva ya ndani kilikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuendelea kufundisha. Weka hapo chuoni nakala za mihadhara na za programu zinazopakuliwa kila siku. Zungumza pia na TERNET, mtandao wa elimu na utafiti nchini, kuhusu kujiunga na eduroam, huduma ya Wi-Fi inayoshirikisha vyuo mbalimbali, ili mhadhiri mgeni aingie mtandaoni kwa nywila ya chuo chake. Kumbukumbu za nani aliingia lini ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika nazo, kwa hiyo amua mapema zitahifadhiwa kwa muda gani.

IPv6, mfumo mpya wa anwani za mtandao, huahirishwa kila mwaka, ingawa anwani za mfumo wa zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na chuo ambacho kompyuta zake zote huonekana nje kwa anwani moja kinaweza kufungiwa chote na tovuti ya nje kwa sababu ya kompyuta moja yenye virusi. Omba anwani AFRINIC, shirika linalogawa anwani za mtandao Afrika, au kwa mtoa huduma wako, endesha mifumo yote miwili sambamba ukianzia maktaba, na uandike upya kanuni za ukuta wa ulinzi (firewall) kwa ajili ya IPv6, kwani nimeona mlango wa mbele ukiwa na kufuli tatu huku wa uani uko wazi.

Idara ikiomba kompyuta za akili unde, shauri seva moja ya pamoja yenye foleni ya kazi inayosimamiwa na programu huria kama Slurm, badala ya kila mhadhiri kuwa na mashine yake chini ya meza. Kadi moja ya kukokotoa (GPU) ndani ya seva kama hiyo inaweza kula wati 300 hadi 700, na joto lote hilo lazima liondolewe na kiyoyozi.

Jaribu kila kitu katika jengo moja kwa muhula mzima, ukiwa umeandika tangu mwanzo ni matokeo gani yatakufanya usitishe. Katika zabuni, dai gharama za leseni za miaka mitano, vipuri vinavyopatikana nchini, na mafunzo kwa mafundi wawili, kwa sababu mmoja akipata kazi kwenye kampuni ya simu, na ataipata, chuo kisibaki yatima. Kifaa cha zamani kizimwe kwa wiki mbili kikiwa bado kwenye rafu kabla ya kung'olewa, maana haikosi kujitokeza mashine moja, aghalabu printa ya ofisi ya mitihani, ambayo hakuna aliyekumbuka kwamba ilikuwa ikikitegemea.