Kumhamishia Superman kwenye manga: mvue rangi kwanza

Mtu akiambiwa amchore Batman kimanga, yaani kwa mtindo wa katuni za Kijapani, penseli hukimbilia machoni. Macho yanatanuliwa mpaka yanajaza nusu ya uso, nywele zinachongolewa, pua inabaki nukta, na kazi inahesabiwa imekwisha. Kinachopatikana ni kijana fulani wa manga aliyeazima nguo za Batman. Macho nitayafikia kwa zamu yake. Mimi kazi hii huianzia kwingine: namvua shujaa rangi zake.

Mashujaa wa Kimarekani wamezaliwa ndani ya rangi. Superman alipotokea mwaka 1938, vitabu vya katuni vilichapwa kwenye karatasi duni kwa wino wa rangi nne, ndiyo maana mavazi yao yana nyekundu, bluu na njano zilizokolea, zisizo na haya, za kuonekana toka mbali kwenye meza ya muuza magazeti. Manga imekulia kwenye majarida manene ya kila wiki na kila mwezi, ambayo kurasa zake karibu zote huchapwa kwa wino wa rangi moja. Ukurasa wa rangi humo ni takrima tu. Kwa hiyo kabla hujagusa uso wa shujaa, jiulize: akinyang'anywa rangi, anabaki na nini?

Chukua picha yoyote ya Superman uigeuze nyeusi na nyeupe kwenye simu. Utaona nyekundu ya joho na bluu ya suti zimekuwa kijivu kimoja, au karibu sana, na joho limezama mwilini. Hapo ndipo unapogawa upya: kipi kiwe cheupe, kipi cheusi, kipi kikae katikati. Mimi humgawa hivi. Suti naiacha nyeupe na kuipa toni (kijivu cha nukta ndogo ndogo) nyepesi, ya asilimia 10, upande wa kivuli tu. Joho kwa nje linapata toni nzito zaidi, asilimia 40 hivi, na kwa ndani, upande unaoonekana likipepea, nalijaza wino likawa jeusi tii. Buti zinalifuata joho. Nembo ya kifuani naichorea mstari mnene kuliko mstari wowote wa mwilini, maana sasa ndiyo inayobeba utambulisho wake karibu peke yake. Ukimtaka Superman wa kutisha, lijaze joho wino nje na ndani, na uso uuweke kivulini.

Batman ni mwepesi, yeye weusi ameuzoea tangu 1939. Tatizo lake ni kwamba wino ukizidi anageuka doa. Acha mstari mwembamba mweupe ukizunguka masikio na ukingo wa joho, kana kwamba kuna taa nyuma yake, basi.

Mtihani wenyewe ni Spider-Man. Ukiweka toni kwenye sehemu nyekundu, kisha ukachora utando juu ya toni, jicho la msomaji linachoka kabla ya fremu (kisanduku cha picha) ya pili. Sehemu nyekundu naiacha nyeupe kabisa, utando tu. Sehemu ya bluu naijaza wino, nikiacha mng'ao mwembamba unaofuata mkunjo wa msuli. Utando wa usoni unaanzia katikati ya macho, pale kwenye mwamba wa pua. Vuta kwanza nyuzi zinazotawanyika kutoka hapo, ukizipinda zifuate duara la kichwa. Zikishakaa ndipo uziunganishe kwa vipande vidogo vilivyolegea kuelekea ndani. Tumia nibu nyembamba, ile ambayo Wajapani huiita maru. Na akiwa mbali, tuseme ana urefu wa sentimita mbili kwenye ukurasa, usijaribu kuchora utando wote. Weka michirizi michache kichwani na mabegani, kwingine kuwe kweupe. Ukichora wote utapata kijivu kichafu.

Kijana mmoja ninayemfundisha aliniuliza Hulk atatambulikaje bila ukijani wake. Nikamwambia Hulk alitoka akiwa wa kijivu katika toleo lake la kwanza la mwaka 1962. Kijivu kile hakikutulia mashineni, kila ukurasa kikawa na sura yake, na kufikia toleo la pili akawa kijani. Kumpaka toni ya kijivu si kumpunja hata kidogo.

Rangi zikishagawanywa, njoo kwenye mwili. Wachoraji wa Marekani huwapa mashujaa kimo cha vichwa vinane au zaidi, yaani urefu wa kichwa chao mara nane, na kila msuli unapata mstari wake. Manga haina kimo kimoja, inategemea unamchorea nani. Kwenye manga za wavulana, zinazoitwa shonen, mhusika kijana mara nyingi ana vichwa sita na nusu au saba. Za watu wazima, yaani seinen, hukaribia mwili wa kweli. Za kuchekesha hushuka hadi viwili au vitatu. Amua hilo kabla hujachora duara la kwanza, vinginevyo utamchanganya mtu mmoja kwenye kurasa tofauti.

Peter Parker anaingia shonen bila kusukumwa, kwa kuwa tangu 1962 alitambulishwa kama mwanafunzi wa sekondari. Mpe mabega membamba, shingo ndogo, viganja na viatu vilivyomzidi umri. Superman mimi humshusha hadi vichwa saba na nusu, lakini mabega simpunguzii. Ukiyagusa mabega, umempoteza.

Kwenye misuli, ichore yote kwa penseli kisha unapopitisha wino uache zaidi ya nusu. Mstari chini ya kifua, mmoja wa katikati ya tumbo unaokatika kabla ya kitovu, mpindo wa bega. Vingine vibebwe na unene wa mstari. Nibu ya G hupanuka ukiibonya na kujifunga ukiilegeza, na manga nyingi zimesimama juu ya kubonya na kulegeza huko. Taya la Superman, kwa mfano: anzia chini ya sikio kwa mguso mdogo, bonya unapofika kwenye kona, legeza ukielekea kidevuni, na unyanyue nibu kabla hujafika katikati. Anza upya upande wa pili. Panabaki pengo dogo kidevuni, na msomaji hulifunga mwenyewe bila kujua. Ukiliziba kwa mstari wa unene mmoja, umerudi kwenye kitabu cha kupaka rangi.

Kuna mfano mzuri wa kuutazama kwa kinyume. Kohei Horikoshi, kwenye manga ya My Hero Academia ya 2014 hadi 2024, alimchora shujaa All Might kwa namna ya Kimarekani akiwa katikati ya wahusika wa manga: mashimo ya macho yamejaa wino, vivuli vizito, misuli iliyochongwa. Wenzake wamechorwa kwa mistari miepesi. Ukiweka mtu huyo na mwanafunzi wake fremu moja, unaona mitindo yote miwili ikitofautishwa mbele ya macho yako. Nakili fremu kama hiyo, kisha ugeuze: mwanafunzi mpe wino mzito, All Might mpe mistari miepesi. Mkono utajifunza zaidi ya maelezo yangu.

Sasa macho. Batman na Spider-Man hawana mboni, wana weupe mtupu, kwa hiyo ushauri wote wa macho makubwa unaanguka hapo hapo. Manga hulitatua hilo kwa kuiacha barakoa itembee: tundu linapanuka akishtuka, linakuwa mfereji akikasirika, na nyusi zinajitokeza juu ya kitambaa hata kama kiakili haiwezekani. Usione aibu. Kwa Superman, kope ya juu iwe mstari mnene, ya chini iwe kidokezo tu, duara la jicho liwe refu kuliko lilivyo pana, na nukta moja kubwa ya mng'ao juu, ndogo chini upande wa pili. Nywele zijaze wino ukiacha ukanda wa mng'ao wenye meno meno. Kile kishungi cha kwenye paji la uso kibaki. Ondoa vyote vingine ukitaka, kishungi usikiguse.

Kama ungeniruhusu niongee jambo moja tu katika yote haya, lingekuwa ukurasa. Mtindo wa manga ninaouheshimu uko zaidi kwenye mpangilio wa fremu kuliko kwenye sura za watu. Toleo la mwezi la Marekani huwa na kurasa ishirini na kitu, na ndani yake hadithi inatakiwa itembee, watu wapigane, na mwezi ujao uwe na sababu ya kununuliwa. Kitabu kimoja cha manga kina kurasa karibu 200. Anayechora manga anaweza kuutumia ukurasa mzima kwa mtu kugeuza shingo, na hakuna atakayemwuliza.

Chukua tukio la Batman kumshukia mwizi uchochoroni. Kimarekani linaweza kuwa fremu moja kubwa: joho limetanda, mwizi anapiga yowe, kisanduku cha maneno pembeni kinaeleza usiku ulivyo. Likihamishwa, mimi hulivunja. Kiatu cha mwizi kinakanyaga dimbwi. Shingo yake, tone la jasho limeganda nyuma ya sikio. Ukingo wa paa, na sanamu ya jiwe imekaa. Mwizi anawasha kiberiti. Ukingo wa paa tena, pembe ile ile, sanamu haipo. Kiberiti kinadondoka. Hakuna neno hata moja. Msomaji anafungua ukurasa, na hapo ndipo joho linapojaza karatasi yote bila mpaka, mistari ya msisitizo ikikimbilia kwenye yale macho meupe. Yote hayo yana kazi moja, ukurasa ugeuke. Kwa hiyo panga kurasa zako ukijua ipi iko kulia na ipi kushoto kabla hujachora chochote, la sivyo mshtuko wako utaonekana mapema kwa kona ya jicho.

Uelekeo wa kusoma huleta ubishi, maana manga ya Kijapani husomwa kuanzia kulia. Mimi ni mashoto, na kupiga wino kuanzia kulia kwenda kushoto ni raha kwangu kwa sababu kiganja hakipiti juu ya wino mbichi. Hata hivyo, ukiandika kwa Kiswahili, chora kuanzia kushoto. Kumlazimisha msomaji asome fremu kuelekea kushoto na maneno kuelekea kulia ni mbwembwe. Na usichore kwa mpangilio wa Kijapani halafu ukageuza ukurasa kama kwenye kioo. Tafsiri nyingi za zamani zilifanyiwa hivyo, wahusika wote wakawa mashoto wenzangu. Superman ukimgeuza, ile S ya kifuani nayo inageuka.

Viputo vya maneno vya Kijapani ni virefu na vyembamba kwa kuwa maneno yao yanashuka. Ukiviiga, neno kama "hawatanikamata" litakatwa vipande vitatu. Andika maneno kwanza, ndipo uzungushie kiputo kipana. Visanduku vya masimulizi punguza. Kama picha inaonyesha mvua, msomaji ameshalowa. Vishindo vichore kwa mkono viwe sehemu ya picha. "Chubwi" ya mtu kutumbukia majini inaweza kuzama nusu kwenye maji hayo hayo.

Wajapani wenyewe walishafanya kazi hii mapema. Jiro Kuwata alimchora Batman kwenye jarida la Shonen King mwaka 1966 na 1967. Mwaka 1970 Ryoichi Ikegami alianza Spider-Man ambaye hakuwa Peter Parker kabisa, bali mwanafunzi wa Kijapani anayeitwa Yu Komori, mwenye shida zake mwenyewe. Kuwata alimchukua shujaa, Ikegami akaichukua hali ya shujaa. Jua unafuata njia ipi. Kwa anayeanza, ya Kuwata ni salama zaidi. Ya Ikegami inadai uwe na hadithi.

Vifaa visikusumbue. Karatasi ya B4 yenye eneo la kuchorea la milimita 180 kwa 270 ndiyo desturi ya wanaochapisha, A4 inatosha kwa mazoezi. Ukifanyia kwenye kompyuta kwa ajili ya kuchapa, weka nukta 600 kwa inchi, na toni iweke ukiwa umeshafikia ukubwa wa mwisho. Toni ya nukta ukiipunguza baadaye huleta mawimbi ya ajabu ambayo hayakuwepo. Kama kazi ni ya kutazamwa kwenye simu tu, tumia kijivu cha kawaida bila nukta.

Na kuhusu kuuza: wahusika hawa wana wenyewe, kampuni za DC na Marvel. Chora, jifunze, onyesha. Ulinzi wa hakimiliki wa hadithi ya kwanza ya Superman nchini Marekani unaisha mwishoni mwa 2033, lakini hiyo ni kwa Superman wa 1938 tu, na alama za biashara ni suala jingine kabisa.